Namba ya Kidoleni na Saa ya Seli: Jinsi ya Kumsoma Mtu Aliyepungukiwa na Oksijeni

Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, ambacho kabla ya janga la UVIKO-19 wengi wetu tulikiona hospitalini tu, sasa kimo katika mikoba ya waongoza watalii wanaotoka Moshi kwenda Mlima Kilimanjaro, na kimeingia hata katika nyumba zenye mgonjwa wa kifua. Kinatoa namba moja inayosomeka haraka, asilimia ya oksijeni katika damu, na kwa sababu hiyo namba hiyo imepewa mamlaka makubwa kuliko inavyostahili: waongozaji wawili wanaweza kubishana kama mgeni wao ana 84 au 86, huku mgeni mwenyewe amekaa pembeni akishindwa kufunga kamba za viatu. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, kwa wauguzi wa zahanati za Marangu, Machame na Kibosho, na kwa ndugu wanaouguza nyumbani. Unasimama juu ya jambo moja, kwamba kipimo husoma damu iliyomo kidoleni kwa dakika hiyo, ilhali anayeishiwa oksijeni, anayejihami na hatimaye anayekufa ni seli, na seli hujihami kwa kufuata saa yake yenyewe. Anayeijua saa hiyo hujua namba ya kuisubiri, namba ya kuteremka nayo, na namba ya kutoiamini hata kidogo.

Pima kwanza ipasavyo

Kipimo hupitisha kidoleni miale miwili, mmoja mwekundu wa nanomita zipatazo 660 na mwingine wa infraredi wa nanomita zipatazo 940, kisha hulinganisha kiasi cha kila mmoja kinachonyonywa na damu inayodunda. Himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayosafirisha oksijeni, iliyobeba oksijeni na isiyobeba hunyonya miale hiyo kwa viwango tofauti, na kutokana na tofauti hiyo asilimia hukokotolewa. Kanuni hii ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na anayeielewa huona mara moja kinachoweza kuiharibu, yaani chochote kinachozuia mwanga na chochote kinachozuia damu kudunda kidoleni.

Kwa hiyo mkalishe unayempima, apumzike kwa dakika tano hivi bila kuzungumza, na mkono wake uwe umetulia juu ya paja au meza. Futa rangi ya kucha, na kama ana hina nyeusi iliyokolea tafuta kidole kisicho nayo. Kisha usiandike namba ya kwanza inayotokea. Chukua mfano wa mpagazi aliyefika Horombo, kituo cha kulala njiani, jioni, ametua tu mzigo wa kilo 20 na upepo unavuma. Ukimwendea na kipimo atakwambia, “Mimi mzima, kaka. Wapime wageni.” Mwombe kidole kwa upole, umwambie, “Dakika moja tu, mdogo wangu, halafu ukanywe chai.” Kipimo kitaanza na 71, kitaruka hadi 92, kitarudi 78, na vile vijistari vya mapigo vitakuwa vinachezacheza bila mpangilio. Hapo hujapima oksijeni, umepima baridi. Mwambie atie mikono kwapani au ashike kikombe cha moto kwa dakika chache, kisha rudia, huku ukishika kifundo cha mkono wake wa pili na kuhesabu mapigo mwenyewe. Hesabu yako inapolingana na mapigo yanayoonyeshwa kwenye kioo, na namba ikakaa mahali pamoja, tuseme 88, kwa muda usiopungua dakika moja, hiyo ndiyo ya kuandika daftarini, pamoja na saa na mwinuko.

Kuna jambo jingine ambalo Mwafrika anayetumia kifaa hiki hana budi kulijua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha kipimo cha kidole na kipimo cha damu ya ateri kwa wagonjwa hospitalini, ukaonyesha kwamba miongoni mwa waliosomeka kati ya 92 na 96 kidoleni, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa na oksijeni iliyo chini ya 88 katika ateri, ilhali kwa Weupe ni asilimia 3.6. Ngozi nyeusi hukifanya kifaa kione oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Basi mpagazi na mgeni wa Kizungu wanaposomeka sawa, usikate shauri kwamba hali zao ni sawa; na mpagazi akikuambia kifua kinambana, maneno yake yana uzito kuliko kioo.

Ifuate oksijeni kutoka hewani hadi ndani ya seli

Hewa ya Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, ina oksijeni asilimia 21, na hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina asilimia hiyo hiyo. Kinachopungua ni mgandamizo: kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni. Kutoka hapo oksijeni huvuka mapafu, hushikwa na himoglobini, husukumwa na moyo kupitia mishipa, na mwishoni husambaa yenyewe hadi ndani ya seli, safari ya mwisho isiyozidi sehemu ndogo ya milimita. Kipimo cha kidole hutazama kiungo kimoja tu katika mnyororo huo, nacho ni sehemu gani ya himoglobini iliyopo imebeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani, wala kama damu inafika inakotakiwa.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 14 katika kila mililita 100 za damu, akisomeka 98, amebeba mililita 18 na kitu. Mtoto aliyetoka kwenye malaria kali akiwa na gramu 5 atasomeka 98 vilevile, lakini amebeba mililita 6 na nusu tu. Kioo kinaonyesha namba ileile kwa mtu mzima na kwa mtoto anayehitaji damu leo hii. Kwa mgonjwa mwenye viganja na ndani ya kope kulikopauka, na anayepumua haraka, weka kipimo pembeni na utafute kipimo cha himoglobini.

Udanganyifu wa pili ni wa hatari zaidi. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya hema au chumba kilichofungwa ili kupasha joto hutoa kaboni monoksaidi, ambayo huishika himoglobini kwa nguvu kupita oksijeni kwa zaidi ya mara mia mbili, na kipimo cha kawaida hushindwa kutofautisha himoglobini iliyotekwa hivyo na ile iliyobeba oksijeni. Mtu anaweza kusomeka 97 huku akipoteza fahamu. Ukikuta watu wawili au watatu waliolala mahali pamoja wanaumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, usianze kupima. Watoe nje kwanza, kisha uulize kuhusu jiko.

Udanganyifu wa tatu uko kwenye kiharusi na mshtuko wa moyo. Mshipa mmoja umeziba, seli zilizo mbele ya kizuizi zinakosa oksijeni kabisa, na kidole, ambacho mshipa wake uko wazi, kinasomeka vizuri. Ubongo ambao damu imesimama hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, na seli zake huanza kuharibika bila kurudi baada ya dakika chache. Mdomo ukipinda na mkono ukalegea, hakuna namba ya kidoleni inayoruhusu kusubiri asubuhi.

Saa ya seli

Mwitikio wa kwanza huchukua sekunde. Shingoni, pale ateri kubwa inapogawanyika, kuna kifundo chenye upana wa milimita chache ambacho seli zake huonja damu inayopanda kichwani. Oksijeni ikipungua hupeleka habari kwenye ubongo, na mtu huanza kuvuta pumzi nyingi na za ndani zaidi bila kujijua. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi ya vitambuzi hivi. Lakini kupumua sana kuna gharama yake, kwani kaboni dayoksaidi hutoka kupita kiasi, damu huelekea upande wa alkali, na ubongo hufunga breki. Ndiyo maana usiku wa kwanza Horombo utamsikia mgeni hemani anapumua kwa nguvu, ananyamaza kwa sekunde kadhaa kiasi cha kukutia hofu, kisha anashtuka na kuvuta tena. Peke yake hilo si dalili ya kuzidiwa. Figo ndizo zinazolegeza breki hiyo, kwa kutoa bikaboneti, yaani ile alkali iliyozidi, kwenye mkojo, nazo huchukua siku mbili tatu au zaidi. Dawa ya asetazolamaidi inayoandikwa na madaktari kwa wapanda mlima huziharakisha figo katika kazi hiyohiyo, na mtu anayekojoa sana baada ya kuimeza hajaharibikiwa.

Mwitikio wa pili huanza ndani ya dakika, na ndio wenye sura mbili. Mishipa ya mwili mzima hutanuka inapokosa oksijeni, isipokuwa ile ya mapafu, ambayo hubana. Kwa mgonjwa wa nimonia jambo hili ni jema, kwa sababu sehemu ya pafu iliyojaa usaha hunyimwa damu, na damu ikaelekezwa kwenye sehemu zinazopata hewa. Mlimani pafu zima linakosa oksijeni, kwa hiyo mishipa hubana kote, tena kwa viwango visivyo sawa. Shinikizo hupanda, na pale ambapo mshipa haukubana sana damu hupita kwa kishindo na kuvujisha maji ndani ya vifuko vya hewa. Huo ndio uvimbe wa mapafu wa mwinuko, na kwa kawaida hutokea kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kufika juu, mara nyingi usiku. Kwa wenye makovu ya kifua kikuu au mapafu yaliyoharibiwa na moshi na vumbi, kubana huko huendelea kwa miaka hadi upande wa kulia wa moyo ukachoka na miguu ikavimba.

Mwitikio wa tatu ndio uliochelewa kueleweka. Karibu kila seli ya mwili hutengeneza, mchana na usiku, protini iliyopewa jina fupi la HIF, na oksijeni inapotosha protini hiyo huvunjwa karibu mara tu inapotengenezwa, kiasi kwamba nusu yake hutoweka ndani ya dakika zisizozidi tano. Anayeitia alama ya kuvunjwa ni kimeng'enya kiitwacho PHD, ambacho hupachika oksijeni kwenye asidi amino ya prolini mahali pawili katika HIF; alama hiyo hutambuliwa na protini nyingine, VHL, inayosababisha HIF ipelekwe kusagwa. Kimeng'enya hicho hakiwezi kupachika kitu ambacho hakipo. Oksijeni inapopungua alama haipachikwi, VHL haina cha kukamata, na HIF hurundikana, huingia katika kiini cha seli, huungana na mwenzake na kuwasha mamia ya jeni. Kutengeneza kitu ili kukivunja huonekana ni ufujaji, lakini seli inafanya kama dereva wa bodaboda anayeiacha pikipiki ikiunguruma kijiweni: anachoma mafuta bila abiria, ila abiria akitokea anaondoka papo hapo. Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza ndio waliofumbua jambo hili vipande kwa vipande kuanzia miaka ya 1990, habari ya alama ya prolini ikathibitishwa mwaka 2001, na Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2019 ikawa yao.

Zile jeni zinazowashwa hufanya nini? Baadhi huongeza milango ya kuingizia glukosi na kuifunga njia ya kuipeleka kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kwa hiyo seli huacha kupata molekuli thelathini hivi za nishati kutoka kila glukosi na kuridhika na mbili, huku asidi ya laktiki ikiongezeka. Nyingine huamuru mishipa mipya ichipue. Na katika figo, HIF huamuru homoni ya erithropoetini itolewe ili uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Homoni hiyo hupanda katika damu ndani ya saa chache tu za kufika juu, na hufikia kilele katika siku moja au mbili. Chembe changa huanza kuonekana siku ya tatu au ya nne. Ongezeko la maana la damu huhitaji wiki kadhaa.

Hapa kuna kosa ninalolisikia mara nyingi kiasi kwamba nalazimika kulisema waziwazi: mlima wa siku sita haupandwi kwa damu mpya. Himoglobini ikipimwa siku ya tatu na kuonekana imepanda, hiyo ni kwa sababu maji ya damu yamepungua, chembe bado ni zilezile. Katika siku hizo mtu anabebwa na pumzi zake na figo zake, basi. Vivyo hivyo kuzaliwa Marangu hakumpi mtu kinga. Watibeti wana tofauti za kurithi katika jeni za HIF ya figo na za kimeng'enya cha PHD, walizozipata kwa vizazi vingi vya kuishi kwenye mita 4,000. Vijiji vya Uchagga haviko juu kiasi hicho, na kijana wa Kilema anayepanda baada ya miezi ya kukaa mjini anaanza na mapafu yaleyale aliyo nayo mgeni wake. Anachomzidi ni mwendo wa pole pole na kuizoea kazi.

Jambo moja la nyongeza kuhusu kimeng'enya cha PHD: kinahitaji madini ya chuma ili kifanye kazi. Seli iliyopungukiwa na chuma hujihisi imekosa oksijeni hata pale isipokosa, na mishipa ya mapafu ya mtu huyo hubana zaidi anapopanda. Mwanamke mwenye hedhi nzito, au mpagazi anayekula ugali na chai tupu msimu mzima, apimwe damu mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Kupima wiki ya safari hakumsaidii, kwa kuwa uboho haukimbizwi.

Itumie saa hiyo njiani

Njia ya Marangu hupita Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo kwenye 3,700 hivi na Kibo kwenye 4,700 hivi. Namba zitashuka kila kituo, na hivyo ndivyo inavyopasa: walio wazima mara nyingi husomeka katika miaka ya 80 wakiwa Horombo, na Kibo wengine huteremka hadi katika miaka ya 70. Kwa hiyo usitafute namba moja ya kukatia shauri kwa kila mtu. Mlinganishe mtu na wenzake waliolala naye kituo kimoja, na umlinganishe na namba yake mwenyewe ya jana jioni. Kundi likiwa kati ya 82 na 87 na mmoja akawa na 68 kwa mikono yenye joto, huyo ana habari ya kukupa hata kama anacheka. Rudia asubuhi kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu usiku kucha figo zimefanya kazi. Aliyepanda kidogo anaelekea pazuri, na aliyeshuka zaidi hapaswi kwenda mbele siku hiyo.

Kisha acha kipimo umtazame mtu. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, na kanuni yake ni kubaki hapohapo mpaka utulie, bila kupanda hata mita mia. Ukizidi, teremka. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka akiweka kisigino mbele ya vidole, hatua kumi. Anayeyumba, au anayejibu maswali kwa kuchelewa na hasira isiyo yake, ubongo wake unavimba, na huyo hulazimika kuteremshwa sasa hivi, usiku au mchana, mvua au jua. Vilevile anayehema akiwa ameketi, anayekohoa na kusikika mkoromo kifuani, na ambaye namba yake imeachana mbali na ya wenzake, ana maji mapafuni. Mteremshe angalau mita 1,000, kwa machela kama ipo, kwa sababu kumtembeza kunaongeza shinikizo lilelile lililovujisha maji. Mtungi wa oksijeni humnunulia muda wa kuteremka. Hautumiki kumbakiza juu, na wala hautumiki kumsindikiza hadi Gilman's, ukingoni mwa kreta, ili apate cheti.

Mwongozo wa madaktari wa milimani unasema kwamba ukishavuka mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Safari ya siku tano kwa njia ya Marangu huruka mita 1,000 kwa usiku mmoja, mara mbili mfululizo. Wanaoiuza wanajua, na wanaoinunua huambiwa ni nafuu. Kama una sauti yoyote ofisini kwenu, pigania usiku wa pili Horombo, na katika njia ya Machame pigania siku ya kupanda hadi Lava Tower na kurudi kulala Barranco.

Kitandani mwa mgonjwa, huku chini

Moshi na Arusha, kwenye miinuko yetu, mtu mzima mwenye afya husomeka 95 au zaidi, na aliye chini ya 90 akiwa amepumzika anahitaji hospitali, si kupepewa. Isipokuwa mgonjwa wa muda mrefu wa mapafu, ambaye huenda amezoea 88 hadi 92 kwa miaka. Kwake hicho ndicho kiwango ambacho madaktari hulenga wanapompa oksijeni, na ndugu anayefungua mtungi mpaka mwisho ili namba ifike 99 anaweza kuifanya kaboni dayoksaidi irundikane mwilini mwake hadi apoteze fahamu.

Mwenye selimundu asomwe kwa uangalifu wa pekee. Himoglobini yake hushikamana na kuwa nyuzi pale inapoachia oksijeni, na chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, kwa hiyo upungufu unaovumilika kwa mwingine humzalishia yeye upungufu zaidi. Homa, kikohozi au maumivu ya kifua yakiambatana na namba iliyoshuka hata kidogo kuliko kawaida yake, asisubiri. Mlimani asiende. Aliyerithi jeni moja tu ya selimundu mara nyingi hupanda salama, lakini maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto akiwa juu yamaanisha wengu, na ateremke.

Kwa wagonjwa wa figo, mnyororo hukatika mahali pengine. Seli za figo zinazotoa erithropoetini huharibika, hivyo mgonjwa hupungukiwa na damu ingawa HIF ingepaswa kuamuru nyongeza. Dawa iliyozoeleka ni sindano ya homoni yenyewe; sasa kuna pia vidonge vinavyozuia PHD na kuufanya mwili uamini uko mlimani, cha kwanza kikiwa roxadustat kilichoidhinishwa China mwaka 2018.

Saratani huitumia saa hiyohiyo kwa faida yake. Uvimbe ukikua kupita mishipa yake, seli za katikati hukosa oksijeni, HIF hupanda, mishipa mibovu huchipua, na seli hujifunza kuishi kwa glukosi na kuhama. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya figo, VHL yenyewe huharibika na HIF haivunjwi hata oksijeni ikiwepo tele. Dawa ya belzutifan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hulenga HIF hiyo moja kwa moja. Kwa muuguzaji jambo la kushika ni kwamba seli zisizo na oksijeni huhitaji kipimo cha mionzi kilicho mara 2.5 hadi 3 ya kile cha seli zenye oksijeni ili zife. Daktari akiagiza mgonjwa aongezewe damu kabla ya mionzi, au amkataze sigara, usimwone anachelewesha tiba.

Kukabidhi

Unapomfikisha mgonjwa hospitali ya KCMC, Mawenzi au Mount Meru, usiseme tu “oksijeni ilishuka.” Mpe muuguzi karatasi yenye mwinuko aliokuwepo, saa dalili zilipoanza, namba ya kidole ikiwa na oksijeni na ikiwa bila, mapigo, pumzi kwa dakika, kama aliweza kutembea mstari, dawa alizomeza na saa alizozimeza. Na jihadhari na namba nzuri ya getini. HIF huvunjwa ndani ya dakika pale oksijeni inaporudi, na namba hupanda kwa kila mita mia unazoteremka, lakini maji yaliyokwisha kuvuja mapafuni hunyonywa kwa saa nyingi, pengine siku. Aliyebebwa kutoka Kibo akikoroma kifua na sasa anasomeka 93 Marangu getini asiachwe hotelini peke yake, wala asipandishwe usiku huo ndege ya kurudi kwao, kwa kuwa hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa sawa na ya mwinuko wa mita 2,400. Apigwe picha ya kifua kwanza, na alale mahali penye mtu wa kumwamsha na kumpima tena saa nane za usiku.